Jirani kajenga, mimi mtaji unakata: je, Mungu kamkubali yeye na kuniacha mimi?

"Shikamoo Mwalimu. Nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, mwaka wa sita sasa. Natoa fungu la kumi kila ninapouza mzigo, sijawahi kuruka. Jirani yangu tulianza naye pamoja. Yeye kajenga Buswelu, ana magari mawili, na kanisani huitwa mbele kushuhudia. Mimi mtaji umeshuka kutoka shilingi 2,000,000 hadi 1,200,000 na nina mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mchungaji anasema ama nimefungwa na laana ya ukoo, ama kuna dhambi nimeificha, na ili nifunguliwe nipande mbegu ya shilingi 500,000 kabla ya mkesha wa mwisho wa mwezi. Ananisomea Kumbukumbu la Torati 28, Malaki 3:10 na 3 Yohana mstari wa 2. Rafiki yangu yuko tayari kunikopesha hiyo pesa. Je, mali ni ishara kwamba Mungu amemkubali mtu? Na hiyo mbegu niitoe?"

Marahaba, dada yangu. Kwa kuwa mkesha umekaribia, nianze na la haraka: usiikope hiyo pesa. Maelezo ni marefu kidogo, lakini hilo lishike kwanza.

Umeuliza kuhusu jirani, ila naona kinachokukosesha usingizi ni wewe mwenyewe. Ikiwa nyumba ya Buswelu inaonyesha kwamba Mungu amempenda mwenzako, basi mtaji wako unaoyeyuka unaonyesha kwamba wewe amekuacha. Mafundisho hayo yakikaa kichwani mwa mtu anayefanya kazi kwa bidii na bado anashuka, humtesa mara mbili: umaskini wenyewe, kisha aibu ya kudhani kwamba umaskini huo ni hukumu.

Tusikatae kilichoandikwa. Biblia inasema waziwazi kwamba mali yaweza kuwa baraka. Isaka alipanda Gerari akavuna mia kwa moja, na Mwanzo 26:12 inasema Bwana alimbariki. Mithali 10:22 inasema, "Baraka ya Bwana hutajirisha." Anayekuambia kwamba Mungu hajali kama watoto wako wamekula naye hajaisoma vizuri.

Kosa liko katika kuugeuza usemi. Mvua ikinyesha, kanga iliyoanikwa italowa. Lakini ukikuta kanga imelowa huwezi kuapa kwamba mvua imenyesha. Pengine mtu ametoka kuifua ziwani. Ndivyo ilivyo hapa. Mungu aweza kumpa mtu mali, naam. Lakini mali ina milango mingi: bidii, urithi, mtaji mkubwa wa kuanzia, kujuana na wanunuzi kutoka Kongo, bei kupanda wakati ghala lako limejaa, na pia dhuluma. Ukiiona mali peke yake, hujaona bado mlango ilioingilia.

Maandiko yenyewe yanatoa mfano mgumu. Katika karne ya 8 kabla ya Kristo, Israeli ilitawaliwa na Yeroboamu wa pili kwa miaka 41. Habari zake zimo 2 Wafalme 14:23-29. Alirudisha mipaka ya nchi, na wakati wake nchi ikanawiri. Lakini habari hiyohiyo inasema alifanya yaliyo mabaya machoni pa Bwana. Wakati wa mfalme huyohuyo nabii Amosi aliwaambia matajiri wa Samaria kwamba wanamuuza maskini kwa jozi ya viatu. Kama mali ingekuwa cheti cha kibali, Amosi angekosa la kusema.

Sasa tuichukue mistari uliyosomewa, mmoja mmoja.

Kumbukumbu la Torati 28 ni masharti ya agano kati ya Mungu na taifa la Israeli lilipokuwa likikaribia kuingia Kanaani. Baraka zake ni za nchi nzima: mvua kwa wakati wake, mifugo kuzaa, adui kushindwa vitani. Sura hiyo haimfungulii kila mtu daftari lake la mapato na matumizi. Tena kitabu hichohicho, 15:11, kinasema maskini hawatakoma katika nchi, kisha kinaamuru afunguliwe mkono. Angalia vizuri: kinachoamriwa hapo ni kumsaidia maskini. Hakuna agizo la kumhoji amefanya dhambi gani. Na mstari wa 12 wa sura ya 28 unaahidi kwamba watu wa agano watakopesha wala hawatakopa. Ni vigumu kuelewa jinsi sura hiyo inavyoweza kuwa sababu ya kukutuma wewe ukakope.

Malaki 3:10 inahitaji uijue ghala ilikuwa nini. "Leteni zaka kamili ghalani, ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Zaka ilikuwa nafaka, divai, mafuta na mifugo, na ghala lilikuwa vyumba vya kuhifadhia hekaluni. Walawi, kabila lililohudumu hekaluni, hawakugawiwa sehemu ya nchi kama makabila mengine, kwa hiyo waliishi kwa zaka. Zaka zilipokoma, Nehemia 13:10 inasema Walawi walikimbia kila mtu shambani kwake, na ibada ikalala. Kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa katika miji ya watoaji wenyewe, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe (Kumbukumbu la Torati 14:28-29). Yaani mjane alikuwa upande wa wanaopokea. Kisha rudi nyuma mistari mitano tu, Malaki 3:5: Mungu anasema atakuwa shahidi juu ya wanaomdhulumu mwajiriwa mshahara wake, na mjane, na yatima. Anayeusoma mstari wa 10 na kuuruka wa 5 ameikata habari katikati.

3 Yohana 2 ni salamu. Mzee anamwandikia Gayo, "Mpenzi naomba ufanikiwe katika mambo yote na kuwa na afya yako, kama vile roho yako ifanikiwavyo." Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "ufanikiwe" asili yake ni kuwa na safari njema, mambo kwenda sawa. Barua za wakati ule zilianza hivyo, kama sisi tulivyofundishwa shuleni kuanza na "natumaini u mzima wa afya", ndipo tuseme dhumuni la barua. Ni dua nzuri ya mtu kwa rafiki yake, na ni halali kumwombea mwenzio vivyo hivyo. Ila dua ya salamu haijawa ahadi kwamba kila mwamini atajenga.

Kuhusu dhambi uliyoificha, kitabu cha Ayubu kiliandikwa kwa ajili ya mtu anayeambiwa maneno kama hayo. Rafiki zake watatu walikuwa na hoja moja: Mungu ni wa haki, wewe umeanguka, basi kuna kitu umefanya. Elifazi alifika mahali pa kumtungia makosa. Katika sura ya 22 anamwambia amewafukuza wajane mikono mitupu, jambo ambalo msomaji anajua si kweli, kwa sababu sura ya 1 imeshamtaja Ayubu kuwa mkamilifu. Mwishoni, 42:7-8, Mungu anawakasirikia hao marafiki. Na sadaka ya ng'ombe saba na kondoo waume saba waliagizwa walete wao, waliokuwa wakilaumu. Ayubu hakuagizwa kutoa kitu ili afunguliwe. Aliwaombea tu.

Yesu alilisema wazi zaidi. Luka 13:4 inataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, naye anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu. Anajibu: sivyo. Sisi wa Mwanza tunalijua swali hilo kwa machozi. MV Bukoba ilipozama Mei 1996 ikikaribia hapa kwetu, na MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018, hakuna mwenye akili timamu aliyethubutu kusema kwamba waliozama walikuwa wabaya kuliko waliobaki nchi kavu. Kipimo tunachokikataa msibani tusikikubali sokoni.

Laana ya ukoo nayo haikufungi kwa namna unavyoogopeshwa. Ezekieli 18 nzima inaipinga methali iliyokuwa ikisemwa Israeli, kwamba baba wakila zabibu mbichi meno ya watoto hutiwa ganzi. Mstari wa 20 unasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Na ukiwa mwamini, Wagalatia 3:13 inasema Kristo amekwisha kutukomboa katika laana. Kilichokwisha kulipwa hakidaiwi tena laki tano.

Tuje kwenye neno "mbegu". Mafundisho ya kumtolea Mungu pesa kama mbegu ili zirudi zikiwa nyingi yalienezwa sana na wahubiri wa Marekani katika karne ya 20, Oral Roberts akiwa mmoja wao mashuhuri. Wahubiri hupenda kutaja thelathini, sitini na mia, lakini fungua Marko 4:14 uone mwenyewe: "Mpanzi huyo hulipanda neno." Mbegu ni neno la Mungu. Pesa katika mfano huo imo pia, ila iko upande wa miiba: mstari wa 19 unataja "udanganyifu wa mali" miongoni mwa vitu vinavyolisonga neno lisizae.

Nikutendee haki: Paulo kweli anatumia lugha ya kupanda na kuvuna akizungumzia pesa, 2 Wakorintho 9:6. Lakini alikuwa akichangisha kwa ajili ya waamini maskini wa Yerusalemu, na aliweka mipaka miwili ambayo mchungaji yeyote anapaswa kuiheshimu. Mstari unaofuata unasema mtu atoe alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Na 8:12 inasema utoaji hukubaliwa "kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo." Pesa ya kukopa ni ya usivyo navyo. Kwa mstari huo peke yake, jibu la swali lako la pili limekwisha. Ongeza Zaburi 37:21, inayomwita asiye haki yule akopaye asilipe, na utaona kwamba kulimaliza deni la VICOBA ni uadilifu mbele za Mungu. Usidhani ni jambo la kidunia linaloweza kungoja.

Sasa fungu la kumi, maana hapa nashuku ndipo mtaji wako unapovujia. Umesema unatoa kila unapouza mzigo. Kama unatoa sehemu ya kumi ya mauzo, fanya hesabu hii nami. Umenunua dagaa kwa 1,200,000. Usafiri, ushuru, magunia na wabebaji vimekula 130,000. Umeuza kwa 1,450,000. Faida yako ni 120,000. Sehemu ya kumi ya faida ni 12,000. Sehemu ya kumi ya mauzo ni 145,000, yaani umetoa faida yote na kung'oa 25,000 kwenye mtaji, na hapo hujala, hujalipa kodi ya nyumba wala rejesho la mkopo. Rudia mizigo kadhaa, mtaji utashuka bila pepo wala laana kuhusika. Kumbukumbu la Torati 14:22 inasema zaka itolewe katika "maongeo" ya mbegu, kile kilichoongezeka. Zaka hiyo ni ya kilichotoka shambani; mbegu ya kupandia ndiyo inayokizaa. Mtaji wako ndiyo mbegu hiyo.

Kama zaka inawabana Wakristo leo, walimu waaminifu wanatofautiana. Wapo wanaoishika kama kipimo cha chini. Wapo wanaosema ilikuwa ya agano la Walawi, na kwamba Agano Jipya linadai ukarimu bila kutaja asilimia. Mimi naona hoja ya pili ina nguvu zaidi, lakini sitakuambia uache desturi inayokujenga. Ninachokisisitiza ni hiki: ukitoa, toa katika ongezeko, na usitoe pesa ya mwenye kikoba.

Kuna sababu nyingine za kushuka ambazo unazijua kunishinda. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika, mzigo unapungua na bei ya kununulia inapanda. Masika dagaa hawakauki vizuri. Walioanikwa mchangani wakinyeshewa huharibika, wakaishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mwenye chanja ya kuanikia na turubai hupona siku ileile ambayo mwenzake anapoteza nusu ya mzigo, na pengine wote wawili wameomba asubuhi. Mhubiri 9:11 anakiri kwamba "wakati na bahati huwapata wote." Mithali 13:23 inaongeza jingine: shamba la maskini laweza kuwa na chakula tele, na bado mtu akaangamia kwa kukosa haki. Mizani iliyochezewa nayo ni sababu ya umaskini, na dhambi hapo ni ya mwenye mizani.

Na jirani yako? Nakuomba usigeuze fimbo. Usiseme kwa kuwa amepata basi amedhulumu, au ana dawa. Huo ni uamuzi uleule wa kusoma moyo wa mtu kwenye bati la nyumba yake, na kanda yetu imelipia mawazo hayo kwa damu: watu wenye ualbino wameuawa kwa sababu kuna walioamini kwamba viungo vyao huleta utajiri migodini na ziwani. Mtu anayefundishwa kwamba mali ndiyo thibitisho la kukubaliwa, na kwamba kuna kitu cha kutoa ili ifunguke, amesogezwa hatua kuelekea imani hiyo, hata kama anayemfundisha ameshika Biblia na hana nia hiyo kabisa. Ndiyo maana suala hili haliniishii kwenye laki tano.

Maswali ambayo Maandiko humuuliza mwenye mali ni mengine. Imepatikanaje? Yakobo 5:4 anasema ujira wa wavunaji uliozuiwa kwa hila unapiga kelele. Kwetu ungeweza kuwa ujira wa vijana wa mtumbwini waliokatwa mafuta mara mbili, au sangara wachanga, wa chini ya sentimita 50, waliovuliwa kwa kokoro, wavu uliokatazwa. Na inafanya nini? Zakayo hakushuhudia jinsi alivyopata. Alisema nusu anawapa maskini, na aliowadhulumu anawarudishia mara nne. Nadhani shuhuda za kanisani zingekuwa nyingine kabisa kama tungetaka kusikia hayo.

Kuna habari moja ambayo watu wa ziwani mnaweza kuielewa kuliko wengi. Luka 5: Simoni amevua usiku kucha, hajapata kitu. Hakuna anayemwambia kwamba ni kwa sababu ya dhambi. Asubuhi, kwa neno la Yesu, nyavu zinajaa hadi zinakatika na vyombo viwili vinataka kuzama. Huenda ndiyo pesa kubwa kuliko zote alizowahi kuziona kwa siku moja. Naye hakusema, "sasa najua nimekubaliwa." Alianguka magotini akasema yeye ni mtu mwenye dhambi, akamwomba Bwana aondoke kwake. Kisha wakaviacha vyombo, na samaki, wakamfuata. Usiku mtupu haukumhukumu, na asubuhi iliyojaa haikumpa cheo.

Linganisha pia makanisa mawili ya Ufunuo. Smirna linaambiwa, "Naijua dhiki yako na umaskini wako (lakini u tajiri)." Laodikia linalojisifu kwamba ni tajiri na halihitaji kitu linaambiwa ni maskini, kipofu na uchi. Majirani zako Waislamu nao wanalo onyo la namna hiyo katika Sura Al-Fajr, aya ya 15 hadi 17, linalomkosoa mtu asemaye Mola amemtukuza anapopewa, na amemdhalilisha riziki inapobana.

Kwa hiyo kabla ya mkesha, mwendee mchungaji ana kwa ana, mchana, pamoja na mtu mzima unayemwamini. Mwambie kwa heshima: "Baba Mchungaji, sina hiyo pesa, na Paulo amesema nisitoe nisicho nacho. Naomba uniombee bila hiyo." Mchungaji mwema atakuombea, na huenda kanisa likakukumbuka kwenye mfuko wa wahitaji. Akikasirika, akakutishia balaa, akakutangaza kwa watu, au akakwambia usimweleze mumeo au ndugu zako, hiyo ni dalili mbaya. Nenda kwa wazee wa kanisa au uongozi ulio juu yake, na kama hakuna anayemsimamia, tafuta ushauri kwa mchungaji wa kanisa jingine. Ukiambiwa uache dawa za hospitali ili imani yako ionekane, usikubali hata siku moja.

Kwa upande wa deni, usingoje ukose marejesho mawili. Waone mwenyekiti na mhazini wa kikoba mapema, uombe kupangiwa upya. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako anaweza kukueleza mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, ambayo haina riba. Na kama hofu hii imekufanya usilale, usile, au uone afadhali usingekuwepo, nenda hospitali leo, Sekou Toure au Bugando, umweleze daktari hivyohivyo ulivyo. Huko si kupungukiwa imani.

Halafu nunua daftari. Kila mzigo uandike bei ya kununulia, gharama zote hadi sokoni, kilichoharibika, na ulichouza. Faida iandike pekee, na sadaka itoke hapo tu. Fanya hivyo kwa mizunguko miwili ya mwezi. Ukikuta bado unapata hasara hata baada ya kurekebisha zaka, tazama kwanza safu ya kilichoharibika, maana huenda fedha uliyotaka kuikopa kwa ajili ya mbegu, hata sehemu yake ndogo, ilikuwa inahitajika kwenye chanja na turubai.